Kasiano, Bunduki Yake na Kichuguu

Mtu mmoja kule bondeni, jina lake Kasiano, alikuwa na bunduki ya risasi moja. Ile ya kukunja katikati: unaikunja, unatia risasi, unaifunga, unapiga, na ukikosa unabaki kutazamana na Mungu wako. Ilikuwa ya bei ndogo, ndiyo maana aliimudu. Kibali anacho, msianze kunong'ona. Aliipenda kweli. Alisema ni nyepesi begani, haina vyuma vingi vya kuharibika, na mwenye risasi moja lazima afikiri kabla ya kuvuta. Hapo alisema kweli. Shida ni kwamba bunduki yenyewe ilikuwa inapiga kushoto.

Si kushoto kidogo. Ukilenga mlango, unapata dirisha. Na Kasiano aliihitaji kwa kazi moja tu: nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi yake, chakula cha nyumba yake cha mwaka mzima. Walipenya kila alfajiri kwenye pengo lilelile la ua wa miiba, na kulia kwa pengo palikuwa na kichuguu. Basi Kasiano akajifunza: ukimtaka nguruwe aliyeko pengoni, lenga kichuguu. Mara chache alipata. Mara nyingi alikosa, maana hata huo upindaji haukuwa na msimamo. Leo inatupa mbali, kesho mbali zaidi.

Shemeji yake, Oresti, ndiye aliyeingia mahindini kupiga debe ili nguruwe wakimbilie pengoni. Akishawatimua, anajihifadhi. Wapi? Juu ya kichuguu. Mnacheka, lakini fikirini. Bunduki ile haijawahi hata siku moja kupiga pale inapotazama. Kwa hiyo mahali pa salama kuliko pote ni mbele ya mtutu. Oresti alikaa pale raha mustarehe, debe kichwani, anatazamana na bunduki ya shemeji yake, na hakuwahi kupata hata mkwaruzo.

Mwaka huo nguruwe walizidi. Gaudensia, mke wa Kasiano, dada yake Oresti, alipoona mahindi yamelala chini upande mzima, aliwaswaga wote wawili mpaka kwa fundi. Fundi akaigeuza bunduki, akaitikisa, akasikiliza. Ubao wa chini ya mtutu ulikuwa umevimba kwa mvua, unausukuma mtutu pembeni. Na pini ya bawaba ilikuwa imelegea, mtutu unacheza kama jino bovu. Akaukwangua ubao, akaikaza pini, akaweka kopo mbali, akapiga. Katikati kabisa. Kasiano naye akapiga. Katikati! Alilia, jamani, mtu mzima yule. Oresti akacheza ngoma bila ngoma. Njia nzima ya kurudi waliimba kwamba bunduki imenyooka, na kila waliyekutana naye walimsimamisha wakamweleza.

Alfajiri iliyofuata nguruwe wakaja. Oresti akapiga debe, nguruwe wakakimbilia pengoni, na Oresti akapanda kichuguu chake akakaa, debe kichwani. Kasiano akainua bunduki. Macho yamejaa nguruwe, na mkono ukaenda wenyewe ulikozoea. Akalenga kichuguu. Akavuta.

Risasi ilitoboa debe, juu kidogo tu ya utosi wa Oresti. Nguruwe walisimama wakashangaa, kisha wakarudi mahindini kumalizia kifungua kinywa. Oresti alishuka kwa tumbo. Akaonyesha tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Na Kasiano, badala ya kumwomba mwenzake msamaha, alikuwa anaikagua bunduki. Alisema fundi ameiharibu. Akataka ikapindishwe tena irudi ilivyokuwa, maana ile ya zamani alikuwa ameshaizoea. Na Oresti, Mungu amsamehe, akamuunga mkono. Wakashika njia ya kwa fundi, wawili hao, na debe lao.

Gaudensia akawazibia njia. Nusura amzike kaka na kumpeleka mume gerezani kwa risasi hiyohiyo moja.

"Bunduki imenyooka tangu jana," alisema. "Sasa nyie wawili mtanyooshwa na fundi gani?"

Wakageuza, wakarudi shambani. Nguruwe waliporudi, Gaudensia alimketisha kaka yake nyuma ya bunduki, akasimama ubavuni kwa mumewe, na Kasiano akamlenga nguruwe mwenyewe. Baadaye alisema hajawahi kufanya kazi ngumu namna ile. Kila mfupa wake ulimwambia anakosea. Mimi nililetewa mbavu.

Haya. Akina baba mmecheka vya kutosha, na mama yule wa nyuma namwona anafuta machozi kwa kanga. Acheni nimalize.

Pasaka tulisimama humu kanisani tukampigia makofi mwenzetu aliyeacha pombe. Sitamtaja jina. Msigeuze shingo! Tuliimba mpaka sauti zikakauka, na ni kweli, ameacha. Lakini nyumbani kwake bado mahindi yanafichwa asije akayauza. Rafiki zake wakitaka kumfurahisha, wanamwagizia kikombe cha pombe. Na yeye mwenyewe, akitoka shambani jioni, bado anakwenda kukaa kwenye lile gogo la nje ya kilabu, eti anapumzika tu, kwa kuwa ndipo alipozoea. Juzi alikuja kwangu akaniuliza kuacha kuna faida gani. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, na mimi niliumia, kwa sababu alipofika, kabla ya kumjibu salamu, nilikuwa nimeinusa pumzi yake kutafuta pombe.

Fundi amemaliza kazi yake, na alfajiri nyingine inakuja. Ninyi mlioimba pamoja nami, mtakapokutana naye njiani, mtalenga wapi?