Jicho na Sikio la Mwalugeye

Zamani, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, watu wa Mwalugeye hawakutofautisha kuona na kusikia. Neno likishatamkwa, basi, limejulikana. Aliyeshuhudia na aliyesimuliwa walisadikiwa sawasawa. Waliishi hivyo, wakajiona werevu, maskini.

Mwaka mmoja watoto watatu walikufa kwa kuharisha. Hofu ikaingia kila nyumba, na siku ya nne wazee wakatamka kwamba Minza, mjane wa mhunzi, ametia sumu kisimani. Jua likifika utosini angevushwa kinamasi, waliko fisi, asirudi tena.

Kabula, bintiye, alimwendea mzee Ng'wandu, mmoja wa waliotamka hukumu.

"Baba, ulimwona mama akitia sumu?"

"Mimi? La, mwanangu. Ila najua. Kaniambia Holo."

Mbio hadi kwa Holo. Holo alikuwa akitwanga, wala hakuacha. "Najua, ndiyo. Kanieleza Nshoma mfinyanzi." Kabula akatazama jua, akaogopa kulitazama tena.

Nshoma alimkodolea macho. "Si wewe uliyenieleza, mdogo wangu? Juzi tulipokuwa tukichimba udongo ulisema mama yako huenda kisimani alfajiri peke yake, nawe hujui anafanya nini huko. Nikamwambia Holo kwamba kuna jambo analificha."

Kabula akakumbuka. Ni kweli alisema hivyo, tena kwa kupiga soga tu. Neno lake lilipita nyumba kwa nyumba, likanenepa kila lilipolala, na hakuna hata mmoja aliyeona chochote.

Alikimbia akipiga mayowe, "Ni mimi! Sikuona kitu!" Lakini wazee nao walikuwa wameshikwa na woga, hawakungoja jua. Alikuta nyayo za mama yake zikiingia matopeni, na mbele yake matete yamelala. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakuitikiwa.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Mwalugeye akileta habari hugusa kwanza jicho ikiwa ameona, au sikio ikiwa ameambiwa. Asiyegusa popote huambiwa aketi. Kabula ndiye aliyewafundisha, naye alizeeka akikiogopa kinywa chake mwenyewe. Ukiwauliza leo kama Minza aliliwa na fisi, watakujibu kwamba ndiyo, aliliwa, na kila mmoja wao atakuwa ameshika sikio.