Aliyefunua Chungu cha Wazee

Hapo zamani, wala msidhani ile zamani ya wanyama kusema, nasema zamani ya watu wenye vitambulisho na madeni, palikuwa na shamba la mkonge kubwa mno. Wafanyakazi wake asili yao mbali. Babu zao waliletwa kukata mkonge, wakaambiwa watarudishwa kwao, hawakurudishwa. Wajukuu nao wakakata mkonge uleule. Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake.

Watu wale walikuwa na mfuko wa uzeeni. Mfuko wa uzeeni ni kitu gani? Ni chungu kilichofunikwa. Kila mshahara unakatwa kidogo, kinatiwa chunguni, na hakitoki mpaka mtu azeeke. Serikali ya nchi ile ilitoza kodi chumvi, ilitoza kiberiti, ilitoza hata bafta ya sanda, lakini chungu kile ilikiacha. Ikasema: mimi sikigusi, mradi na ninyi hamkigusi. Siku mtakayokifunua kabla ya wakati, hata kwa jambo jema, nitakuja kudai kodi ya miaka yote niliyowaachia. Na nikishachukua, mtabaki na masizi.

Sheria hiyo ilikuwa na mlinzi wake, mwanamke, Perpetua Mang'enya, wakili mwandamizi wa serikali. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa hapo: kodi na vyungu vya wazee. Waliosoma naye walitetea wezi wakajenga maghorofa. Yeye alipata kiti, miwani, na pensheni ambayo bado alikuwa anaingojea, maana naye alikuwa anakaribia kustaafu. Hakuwa na mume wala kiwanja. Hakuwa mkali, hakuwa mtamu. Alikuwa anaijua kazi yake, basi.

Akafa mtu shambani. Lugusha, fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge zikabaki singa tupu, yaani nyuzi. Mashine haikumla. Alikufa kwa homa kama wafavyo wengine. Mkewe Nyamizi, kazi yake kuanika singa kwenye waya, akasema, "Mume wangu hazikwi kwenye mkonge. Anazikwa kwao." Na kwao ni kuvuka nusu ya nchi.

Msiseme mjane alikuwa na makuu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya shamba zima. Wale babu walizikwa katikati ya mistari ya mkonge, na mkonge ulipochoka, trekta likapita likalima juu yao, likapanda mwingine. Tangu siku hiyo wajukuu waliapa: maiti anasafirishwa, walio hai watajua watakula nini.

Mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko alikuwa Mzee Kapinga, mnyapara, mtu wa mvi na sauti nzito. Akapitisha kofia. Kofia ikarudi nyepesi, maana mishahara ilikuwa imechelewa, na gari la maiti halikodishwi kwa machozi. Jioni Nyamizi akaja mlangoni kwake na wanawake wenzake.

"Mzee Kapinga, fedha ipo."

"Ipo ya wazee, mama."

"Lugusha ametia humo ujana wake wote. Sasa hazeeki tena. Mnamtunzia nani?"

"Sheria haitaki."

"Basi sheria ije imbebe. Kesho namlaza mbele ya korona. Tuone mwanamume gani atawasha mashine akimruka."

Kapinga hakulala. Asubuhi akadandia lori la singa mpaka mjini, akaingia kwa wakili na viatu vya vumbi.

"Mama wakili, tukifunua mfuko kumsafirisha maiti, kisha tukarudisha, kuna kosa?"

Jibu Perpetua alikuwa nalo mdomoni: ni hatari, msifunue. Lakini wakili wa ofisi ile haruhusiwi kumjibu mtu kwa mdomo. Swali linaandikwa, linapanda kwa wakubwa, wanalizungusha, linashuka na muhuri. Ndiyo kanuni. Aliwahi kuwapo wakili aliyemjibu mtu ukumbini, mtu akaenda kuishtaki serikali kwa maneno ya ukumbini.

"Andika barua, Mzee."

"Nitajibiwa lini?"

"Jibu likiwa tayari."

"Maiti yuko kwenye barafu, mama. Barafu inayeyuka. Basi usiseme kitu, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Mimi nakutazama tu. Kama ni vibaya, tikisa kichwa."

Perpetua hakutikisa kichwa. Alivua miwani, akaifuta, akatazama chini. Akanyamaza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao Kapinga mwali huulizwa mbele ya wazee: fulani amekuja kukuposa, unasemaje? Asiyetaka anasema sitaki, na wote wanasikia. Anayetaka anatazama chini, ananyamaza, na wazee wanainuka kupeana mikono. Kapinga akainuka. Akasema, "Ahsante sana, mama, Mungu akuzidishie," akatoka. Perpetua alibaki akijiuliza mzee huyu anashukuru nini. Alijiuliza, akapata jibu, kwamba kimya chake kimehesabiwa ndiyo, na hakumwita arudi.

Shambani wanachama walikuwa wamejaa uwanjani.

"Serikali imesemaje?"

"Nimeiuliza," akasema Kapinga. "Haikukataa."

Mikono ikanyooshwa kama mkonge wenyewe. Na Nyamizi akasimama mbele ya wote, akaapa: "Rambirambi zikiingia, narudisha." Kapinga akadakia, "Kabla mwaka haujafungwa." Kwa maana sheria ililegea hapo kidogo: kilichotolewa kikirudi kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, chungu kinahesabiwa hakikufunuliwa.

Lugusha akasafiri, akazikwa kwao vizuri. Rambirambi zikaingia, tena nene, maana ukoo wake ni wenye ng'ombe. Nyamizi akarudi. Akatazama paa lake, makuti yameoza, mvua inaingia mpaka kitandani, na yeye sasa ni peke yake, hana mtoto. Akanunua mabati.

Kapinga alipita akayaona yaking'aa. Alisimama, akakohoa, akasalimia. "Hongera kwa nyumba, mama." Kumdai mjane aliona aibu, akaenda zake. Mwaka ukafungwa.

Kisha habari ikaja kutoka shamba la jirani. Kule nako walifunua, wakaguzi wakaingia, kodi ikachukuliwa, na sasa wazee wa kule wanachoma mkaa na mgongo umepinda. Kapinga akauliza walifunua kwa ajili ya nini. Kwa ajili ya maiti. Akamfuata Nyamizi kwenye waya za singa, akamshika mkono, wakaenda mjini.

Walipoingia kwa wakili, uani chini ya dirisha dereva alikuwa anafuta vioo vya gari la serikali, na mkaguzi kijana anapakia mafaili. Perpetua akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya ambalo hajapata kufanya. Alisema kwa mdomo.

"Gari lile linakwenda kwenu. Leo."

Nyamizi akakimbilia dirishani.

"Sikilizeni. Mkikiri kabla halijavuka geti la shamba, mfuko unasamehewa. Wazee wote wanabaki na chao. Lakini lazima niandike jina la mtu mmoja, na karatasi igongwe muhuri hapo masjala. Huyo atalipa kilichotolewa, na yeye mwenyewe hatapata pensheni, yake yote, mpaka anakufa."

"Waandike wadhamini," akasema Kapinga.

"Mtu mmoja, Mzee."

"Kwa nini mmoja?"

"Wakiwa wengi kila mmoja atasema ni mwenzake."

Chini, boneti la gari likafunguliwa, likafungwa kwa kishindo.

"Mwandike mzee, basi," akasema Nyamizi. "Kuna la kufikiri hapo? Mimi naanika singa. Ufunguo wa mfuko anao nani? Saini ya nani?"

"Na mabati je?"

"Nilijua tu! Mwaka mzima unapita kwangu, hongera mama, hongera mama, kumbe unahesabu mabati."

"Uliapa mbele ya watu!"

"Niliapa. Ungenidai ningekupa. Mwanamume mzima unamwogopa mjane, kisha unakuja kumchongea kwa serikali."

"Mimi nimekula nini katika jambo hili?" akasema Kapinga. "Hata wali wa msiba sikuula, nilikuwa chini ya jeneza. Mumeo amelala kwao. Wewe umelala pakavu. Mimi nimepata nini?"

"Umepata sifa. Shamba zima linasema Kapinga, Kapinga. Sasa zilipie."

Kapinga akaachana naye. Kisha akamgeukia wakili, polepole.

"Na wewe, mama. Nilikuja hapa kabla. Kiti hikihiki."

"Nilikwambia uandike barua."

"Nilikuomba utikise kichwa."

"Kunyamaza si jibu, Mzee."

"Hapa ofisini. Kwetu ni jibu, tena ndilo la heshima."

Nyamizi, pamoja na hofu yote ile, akaangua kicheko kibaya. "Loo! Kumbe serikali iliposwa, ikaona haya, ikakubali!"

Perpetua hakucheka. Alifungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti, maana hakutaka waseme baadaye wamefichwa. Jina litakaloandikwa ni la mtu aliyefunua, au aliyefaidi, au aliyejua akaacha. Maneno haya mawili ya mwisho, "aliyejua akaacha", aliyatia yeye mwenyewe zamani alipokuwa wakili kijana, ili kuwabana wadhamini wajanja. Sasa aliyasoma na yakamtazama.

"Basi na wewe umo," akasema Kapinga.

"Nimo."

Simu ya mezani ikalia. Ni mkubwa wake, ghorofa ya juu. Alikwisha kusikia, maana kuta za ofisi ile zina masikio. Sauti ilitoka kwenye simu mpaka wote wakaisikia.

"Perpetua, andika yeyote wa huko shambani, wamalize waende. Ofisi haina kosa. Umenielewa?"

"Nimekusikia, Mkurugenzi."

"Nimeuliza, umenielewa?"

Perpetua akakata simu. Gari likawaka.

Dereva alipiga gia, mlinzi akavuta kizuizi, gari likatoka barabarani. Ni lami tupu mpaka shambani, hakuna shimo la kumchelewesha mtu.

"Mama wakili," akasema Kapinga, "nimekuwa mnyapara. Nimepiga watu kelele, nimewakata mshahara, wengine kwa haki na wengine kwa hasira tu. Ukiniandika, nitakwenda kuomba unga kwenye milango yao. Hawatanipa. Lakini kumbuka hili: ningekataa, maiti angezikwa kwenye mkonge, na wewe usingesikia habari zetu."

"Mimi sina mtoto," akasema Nyamizi. "Uzee wangu ni fedha hiyo na mabati hayo. Ukiniandika, nitakaa chini ya mabati nikiyatafuna. Nilitumia rambirambi, ndiyo. Nilifiwa mimi, nikapewa mimi, nikaezeka. Nani hapa aliniambia chungu kina mwaka wake, na mwaka una mlango unaofungwa kwa ufunguo? Niliambiwa 'rudisha'. Nikasema nitarudisha. Bado nasema nitarudisha."

"Uliambiwa uwanjani," akasema Kapinga.

"Niliambiwa nikiwa na maiti. Wewe ukiwa na maiti unasikia?"

Perpetua alitazama mikono yake. Kama angejiandika, angetoka ofisini bila kitu, na miguu iliyovimba kwa kukalia kiti hicho hicho. Nduguze walimtegemea yeye. Na lingine: kanuni aliyoifuata siku ile haikuwa ya uongo. Kila wakili wa serikali akianza kutikisa kichwa kwa kila mwenye shida, kesho mwenye fedha atakuja kuomba atikisiwe pia, na hatakuja na viatu vya vumbi. Hilo alilijua vizuri. Na alijua pia kwamba siku ile, mzee alipomshukuru, neno moja la kumwita mlangoni lingetosha.

"Mama," akasema Kapinga, "gari."

Perpetua akachukua kalamu. Akaandika jina. Alishuka ngazi mwenyewe, viatu mkononi, muhuri ukagongwa, na mtu wa masjala akapiga simu getini shambani. Mkaguzi alikuta mlinzi amesimama katikati ya njia, simu bado iko sikioni. Akaamuru gari ligeuzwe, akitukana.

Chungu kikapona. Wazee wa shamba lile walizeeka wakila chao, wala wengi wao hawakujua walivyoponea. Na katika wale watatu, wawili walipata pensheni, mmoja hakupata, na leo anakula kwa majirani.

Mnataka niwaambie ni nani. Siwaambii. Nikitaja jina, nusu yenu mtaanza kumhurumia na nusu mtaanza kumtukana, na hakuna atakayefikiri tena. Na msiniletee maneno ya kwamba sheria ndiyo mbaya, au mkurugenzi, au wale walionyoosha mikono uwanjani. Hao nawajua. Sheria haijali, mkurugenzi yuko ghorofani, na mikono ilishashushwa. Waliokuwa chumbani walikuwa watatu: aliyefunua kwa ajili ya maiti wa mwenzake, aliyeapa kurudisha akaezekea nyumba, na aliyejua akafuata kanuni akanyamaza.

Gari liko njiani na wazee wote wamo ndani ya karatasi hiyo. Shika wewe kalamu. Je, nani alistahili kuandikwa?