Namkunda na Maji ya Kelele

Hadithi inabisha hodi!

Karibu, ipite!

Ikae wapi?

Ikae mekoni, karibu na moto!

Haya, isogezeeni kigoda. Na wewe unayesinzia pale nyuma, nakuona. Ukilala leo utakosa kumjua mwanamke ambaye mimi, na umri wangu huu, namvika kilemba, na si kile cha ukoka.

Hapo zamani za kale, huko milimani, uliingia ukame. Ukakauka mfereji, ukakauka mto, likabaki dimbwi moja tu. Humo wakabanana perege wa mto mzima. Watu wakashuka na vikapu kujipatia kitoweo. Namkunda, aliyeolewa mwaka huohuo, naye akashuka na kikapu chake.

Alipotia mkono majini, perege mmoja mkubwa, mama wa wenzake, akamwambia, "Mama, sisi ndio wa mwisho. Ukitula leo, mvua itarudi, mto utarudi, lakini samaki hawatarudi."

Namkunda akaketi juu ya jiwe akafikiri. Kisha akasema, "Nitawahifadhi nyumbani. Mvua ikinyesha, nitawarudisha mtoni. Nawaahidi."

Akawabeba kwa mtungi, safari tatu, akawatia kwenye hodhi la mawe lililokuwa uani. Maji yake yalikuwa ya mvua ya zamani, ya kijani, yamejaa majani yaotayo majini. Perege walikuwa thelathini. Majirani wakamcheka: wenzake wamepata kitoweo, yeye kapata wageni.

Sasa, nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Nanzighe. Huyo bibi alikuwa mkali wa adabu, msicheze naye. Siku Namkunda alipoingia tu, alimfundisha kwamba mwanamke aliyelelewa akimimina maji hasikiki. Ayatelezeshe pembeni mwa chombo, taratibu, kimya. Basi Namkunda kila jioni aliongeza maji kidogo hodhini, akiyatelezesha ukutani, na hata kuku hakugeuza shingo.

Siku ya kwanza alfajiri, akawakuta perege wote wako juu, midomo nje ya maji. Akawauliza wana nini. Wakajibu: pwa, pwa, pwa. Masikini, akasema moyoni, wana njaa. Akawamwagia pumba viganja viwili. Jua lilipopanda wakashuka chini, naye akafurahi.

Siku ya pili alfajiri, wako juu tena. Akawauliza wana nini. Wakajibu: pwa, pwa, pwa. Akadhani wanamwogopa mdiria, yule ndege mla samaki. Akafunika hodhi lote kwa mbao, kama anavyofunika mtungi wa maji ya kunywa. Bi Nanzighe akamsifu kwa unadhifu.

Siku ya tatu alfajiri, akafunua. Harufu ya pumba iliyooza ikampiga usoni. Perege watatu walikuwa wanaelea tumbo juu. Mama perege amelala ubavu, mdomo unafunguka mara mojamoja.

Mimi hapo ningewakaanga wote nikamsingizia paka. Namkunda hakufanya hivyo. Alilia, akazitupa mbao, akakimbilia mtungi aongeze maji. Haraka ikamzidi. Mtungi ukainama angali ameubeba begani, na maji yakaanguka kutoka juu, chwaa! Hodhi likajaa mapovu.

Perege wakayakimbilia mapovu. Mama perege akajipindua, akakaa sawa, akapata sauti.

"Hapohapo, mama. Mwaga tena. Hatuna njaa, wala hatuna hofu. Hatuna pumzi."

Akamweleza yote. Kwamba pumzi ya samaki imo ndani ya maji. Kwamba mchana majani yakipata jua yanawagawia, ila usiku nayo yanaivuta, na pumba ikioza inamaliza iliyobaki, ndiyo maana alfajiri inawakuta hoi. Kwamba maji yakianguka kutoka juu huingia na pumzi mpya. Mtauliza, mbona hawakusema mapema? Hebu jaribu kupiga soga umekabwa koo.

Namkunda akatwaa kata, akachota mlemle hodhini. Akachota, akainua juu ya kichwa, akamwaga. Akachota, akainua, akamwaga. Akachota, akainua, akamwaga.

Bi Nanzighe akatoka nje. "Nani huyo anayemwaga maji kama mlevi, uani kwangu?"

Namkunda alijua kosa lake. Walikuwapo wake waliorudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini hakuacha kuchota.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Maji yakinyamaza, hawa watakufa."

Bi Nanzighe akamtazama, akawatazama samaki. Kisha akaingia ndani. Namkunda akajua anakwenda kumfungia mzigo wake. Mabega yalikuwa yanamwuma, machozi yanamtoka, na bado akachota, akainua, akamwaga.

Bibi akatoka na kibuyu chake cha arusi, kile ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kukipangusa vumbi. Akakigeuza, akakitoboa kitako kwa ncha ya kisu. Tundu, tundu, tundu. Akakining'iniza kwenye mti uliokingama juu ya hodhi.

"Jaza humu, mwanangu," akasema. "Kitanyesha chenyewe. Wewe pumzisha mikono."

Jamani, kibuyu cha arusi!

Tangu siku hiyo, kila alfajiri mmoja alijaza kibuyu na mwingine aliopoa majani yaliyooza. Pumba ikawa kidogo tu, ya kuliwa ikaisha. Kijiji kizima kikawa kinasikia mvua inanyesha uani kwa Bi Nanzighe, na mbingu kavu. Waliocheka wakaja kutazama, wakaondoka hawacheki tena.

Siku ya arobaini mvua ya kweli ikanyesha. Namkunda akawarudisha perege mtoni, safari tatu, wote ishirini na saba. Ndiyo maana hata leo, ukipanda mtoni kwetu, utawakuta perege wamejaa pale maji yanapoanguka kwa kelele. Wanamsikiliza Namkunda.

Basi, ukitaka kumfaa mtu, tafuta kwanza anachokosa, usimpe ulichonacho wewe. Na ukifuga samaki uani ukawaona alfajiri midomo juu, usikimbilie pumba. Kimbilia kata.

Hadithi inaaga!

Iende salama, iwasalimu ilikotoka!

Sasa nani wa kuniletea maji ya kunawa? Na ayamimine kimya. Mimi si perege.