Udongo wa Fuko na Treni ya Chini

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa shimo.
Shimo la nani?
La kupita sisi.
Na aliye juu?
Akae na jua lake.

Haya, jongeeni. Wewe mwenye mkia mrefu, ukunje, wenzio wapate nafasi.

Hapo zamani za kale mji wetu wa Kiambo ulikuwa na barabara moja tu. Moja. Nyinyi mnaoshuka ngazi leo mkachagua laini ya njano au laini ya kijani, mkanuna treni ikichelewa kidogo, hamjui mlikotoka. Upande huu kulikuwa na mashamba. Upande wa pili, Ng'ambo, kulikuwa na soko na nyumba za wazee. Katikati kulikuwa na mwamba na mto, na barabara ilipenya kwenye uchochoro baina ya hivyo viwili. Na katika uchochoro huo alilala Kiboko.

Akipita Bi Kanga na mtama wake, Kiboko anasema, "Nusu yangu." Akipita Ngiri na mihogo yake, Kiboko anasema, "Nusu yangu." Hukatai. Utamkatalia vipi mtu ambaye kucha yake moja ni kubwa kuliko kichwa chako?

Najua mnangoja niseme Sungura akaja kutuokoa. Sungura hakuja. Sungura alikuwa anajisifu kwenye ngano nyingine. Aliyekuja ni Fuko, mdogo, macho hafifu, mikono kama vijiko.

Fuko alikuwa na mama yake huko Ng'ambo, mzee, miguu imekwisha. Kila asubuhi alimpelekea kikapu cha viazi vitamu, na kila asubuhi nusu ilibaki kwa Kiboko. Mama akawa anakonda. Kisha siku moja Kiboko akaliangalia kapu, akamwangalia Fuko, akasema, "Leo yote yangu. Na kesho yote yangu."

"Bwana, mama yangu atakula nini?"

"Mwambie ale upepo. Upepo sichukui."

Fuko akarudi mikono mitupu. Bi Kanga akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Aliye juu mngoje chini."

"Mimi naweza kungoja, Bi Kanga. Tumbo la mama haliwezi."

Akainama, akaweka sikio ardhini. Fuko haoni vizuri, lakini kusikia anasikia. Mbali, mbali sana, akasikia tu, tu, tu. Ni kinu cha mama yake, anatwanga. Fuko akaelekeza pua kwenye ile sauti, akaanza: kwaru, kwaru, kwaru.

Sasa nisikilizeni. Anayechimba ana shida moja, nayo si kuchimba. Waulizeni mafundi wetu. Shida ni udongo: utauweka wapi? Fuko akautupa nje, ukawa kichuguu kando ya barabara. Kiboko akakiona. Akaja, akapanda juu ya shimo, akakanyaga: du, du, du. Shimo likaporomoka lote, na Fuko akatoka kwa bahati, vumbi hadi masikioni.

Mwingine angelia. Fuko alilia pia, msidhani. Lakini alipomaliza kulia akapata akili.

Asubuhi yake akachimba upya. Akatoa udongo, akaupanga vizuri, akaufunika shuka, akaukalia. Kiboko akapita.

"Fuko, una nini hapo?"

"Udongo, Bwana."

"Udongo tu?"

"Udongo tu."

"Udongo tu, halafu unaufunika shuka?"

Fuko akalivuta shuka, akafunika vizuri zaidi.

"Nusu yangu," akasema Kiboko.

"Bwana, nitakuletea viazi kutoka shambani, gunia zima. Niachie udongo wangu."

Lo. Hapo ndipo Fuko alipomkamata. Kiboko tangu azaliwe hajawahi kuona mtu anatoa gunia la viazi kuokoa udongo. Macho yakamtoka. "Yote yangu," akasema. Akaukomba wote kwa mdomo ule mpana, akaupeleka kando ya mwamba, pale pale juu ya njia ya Fuko, akaukanyaga usije ukaibwa: du, du, du.

Angalieni basi, Fuko hakusema uongo hata mmoja. Aliulizwa, akajibu.

Kesho yake Fuko akachimba, Kiboko akabeba. Keshokutwa Fuko akachimba, Kiboko akabeba. Kwaru kwaru chini, du du juu. Ule udongo ukawa kilima, kilima kikausukuma mto mbali, na Kiboko akahamia juu yake kulinda mali.

"Fuko, mbona leo kidogo?"

"Niko peke yangu, Bwana."

"Chukua wasaidizi. Mchukue Ngiri. Mchukue Muhanga. Asiyechimba nitamkanyaga."

Na hivyo ndivyo kazi kubwa kuliko zote katika mji wetu ilivyoamriwa na Kiboko mwenyewe. Ngiri akaja na pembe zake. Muhanga akaja na kucha zake. Mchwa wakaja maelfu kwa maelfu, wakapaka kuta kwa tope lao ambalo likikauka ni kama jiwe. Babu yangu, Panya Buku, akaja pia. Alikuwa zamu ya pili. Ukipita kituo cha Kinu, nguzo ya kushoto, ile aliisimamisha yeye, na haijapata ufa.

Lakini Fuko, kila akiweka sikio ukutani, alisikia tu, tu, tu ikipungua. Ikawa tu... tu. Kisha asubuhi moja hakusikia kitu.

Muhanga akasema, "Tupumzike, ndugu yetu. Hatujui tena tunakokwenda."

"Pua ikisharudi nyuma haitaikumbuka njia," akasema Fuko. "Chimbeni mbele."

Wakachimba mbele. Mchana Fuko akapiga kucha, juu yake pakafunguka sakafu ya nyumba. Mama yake alikuwa amelala chini, kaukumbatia mchi. Fuko akachungulia ndani ya kinu. Kilikuwa kikavu, hakina hata punje.

"Mama, ulikuwa unatwanga nini?"

"Mtama uliisha zamani," akasema mama. "Nilikusikia unakuja. Nikasema nitwange, mwanangu asipotee."

Nipeni maji kidogo.

Mama akala. Kesho yake akala tena, akapata nguvu ya kugomba. Akasema, "Hili shimo mnapita nyinyi tu? Na majirani zangu nao wana watoto upande wa pili." Ndiyo laini ya kwanza hiyo. Ngiri akisukuma toroli la mbao, abiria wamekunja magoti. Halafu ikaja treni ya moshi, ukipanda mweupe unashuka mweusi kama sufuria, na bado watu walipigania nafasi. Halafu ukaja umeme. Halafu laini ya njano mpaka mashambani, laini ya kijani ikapita chini ya mto wenyewe, na samaki wakatusikia. Mji gani mwingine umefanya hivyo? Nitajieni.

Na udongo wote ule alibeba nani? Kiboko. Bila kuombwa, bila kushukuriwa.

Siku moja, juu kule kilimani, Kiboko akageuka kutazama barabara. Majani yameota katikati. Hakuna mtu. Akatega sikio, akasikia chini ya miguu yake: gu-gu-gu, gu-gu-gu. Akaelewa. Akapiga kelele hadi mwamba ukaitika.

"Fuko, nimekuja kukanyaga shimo lako."

"Kanyaga, Bwana," Fuko akajibu kutoka kituoni. Ila mikono yote miwili alikuwa ameikaza kwenye nguzo, maana treni ilikuwa imejaa, na mama yake alikuwa behewa la pili.

Kiboko akainua mguu. Du. Akainua mwingine. Du. Akaruka kwa miguu yote minne. Lakini udongo ule aliushindilia mwenyewe, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kila alipokanyaga, paa la Fuko lilizidi kuwa gumu. Akakanyaga hadi jua la saa sita likamkuta huko juu, mbali na maji, ngozi imepasuka kama tope la kiangazi. Mwisho akateremka taratibu, akasimama mbele ya ngazi zetu.

"Fuko, mto uko mbali. Nitafika vipi?"

Ngiri akataka kucheka. Fuko akamkanya kwa kiwiko. "Abiria ni abiria," akasema. "Panda, Bwana."

Kiboko akaingia kwa ubavu, akajaza kiti cha watu wanane. Kituo cha pili akapanda bibi kizee mwenye fimbo na kikapu cha viazi, mama yake Fuko huyo, sasa anarudi kwake. Akamtazama Kiboko juu mpaka chini.

"Sogea, mwanangu," akasema mama.

Kiboko akasogea.

Ngano imefika kituo cha mwisho. Aliyesinzia aamshwe, asije akarudishwa alikotoka.

Na funzo lake, watoto, lishikeni sana: msichimbechimbe hovyo, ni tabia mbaya. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Fuko alichimba, na kweli akaingia mwenyewe. Akaingia na mama yake, akaingia na mji mzima, na mimi naingia sasa hivi, maana ile ya njano ndiyo hiyo inakuja.