Fundi Mbelwa na Magunia Manne ya Sufi

Fundi mmoja wa magodoro alikuwa na kifua chembamba. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na njaa. Alimaliza sahani mbili za wali, akaomba ya tatu, na chakula chote kikaenda kusikojulikana. Ndivyo alivyokuwa baba yake, na babu yake vilevile. Jina lake Mbelwa. Aliishi katika mji mdogo chini ya milima, mji wenye misufi mingi, na magodoro aliyoyashona kwa sufi ya miti hiyo yalisifiwa hata na watu wasiomjua kwa sura. Wengi walilala vizuri kwa kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe hakuwa na raha na mwili wake hata siku moja.

Wanaume mliokaa huko nyuma, nawaona mnavyotazamana. Tulieni, nitawafikia. Uwanjani, enzi za utoto, wenzake walimwita Fito. Hilo alilizoea. Lililomuumiza ni jingine. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili, msichana aliyempenda aliweka mkono kifuani pake, akapapasa, akasema, "We Mbelwa, mbavu zote hizi ni zako?" Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, pengine cha mapenzi, na baada ya dakika moja yule msichana alikwisha kusahau. Mbelwa hakusahau. Tangu siku hiyo hakuvua shati mbele ya mtu, hata mtoni.

Ndipo akafanya kosa ambalo ni fundi wa magodoro tu angeweza kulifanya. Alikata fulana ya pande mbili, akajaza sufi katikati, kisha akachukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro, akapitisha mishono juu na chini ili sufi isihame. Akaivaa ndani ya shati, akasimama mbele ya kioo. Ndugu zangu, alisisimka! Alitoka nje akapita sokoni mara mbili bila kununua kitu. Muuza ndizi mmoja akamwambia, "Kaka Mbelwa, siku hizi umejaa!" Alifurahia maneno hayo wiki nzima.

Lakini mtu akianza kujishona mwili, hajui pa kukomea. Kifua kilipojaa, mabega yakaonekana yameanguka. Akayajaza. Mabega yalipopanda, mikono ikaonekana imekonda zaidi. Akaijaza mpaka kwenye kiwiko, na kuanzia hapo akawa mtu wa mashati ya mikono mirefu, katika mji ambao saa nne ya asubuhi hata mbuzi anatafuta kivuli. Jasho likaigandisha sufi mabongebonge, basi kila wiki mbili aliitoa akaitupa, akajaza nyingine. Chini ya fulana ngozi ikatoka vipele vya joto. Alijikuna akiwa peke yake, mlango umefungwa.

Sufi hiyo yote aliinunua kwa mwanamke mmoja aliyeitwa Stamili. Stamili alikuwa na ghala la mabati nyuma ya soko. Alikusanya maganda ya misufi, akayapiga kwa fimbo, akachambua mbegu kwa vidole vyake mwenyewe. Aliweza kufumba macho, akatumbukiza mkono ndani ya gunia na kukwambia kama sufi imekauka au ina unyevu. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Mbelwa akampenda. Alikwenda kununua gunia moja saa tatu, akaondoka saa kumi. Kesho yake alikwenda kununua uzi, na Stamili hauzi uzi! Stamili naye akampenda, na ninawaambia kwa uhakika hakumpendea mabega. Alipenda kwamba mtu huyu akisikiliza, husikiliza mpaka mwisho. Alipenda pia kwamba hata mshono wa upande wa chini wa godoro, usioonekana na mtu, aliushona kwa uangalifu uleule. Posa ikapelekwa, ikapokewa, na harusi ikapangwa baada ya miezi saba. Mbelwa alirudi nyumbani siku hiyo akiimba njia nzima, na hana sauti ya kuimba.

Alitaka kitu kimoja tu: asimpoteze Stamili. Na aliamini kwamba atampoteza siku ambayo mkono wa Stamili utagusa sufi mahali palipotakiwa kuwa na nyama. Kwa hiyo akawa anaukimbia mkono huo. Siku moja wamekaa ghalani, Stamili amechoka, akaegemeza kichwa begani kwake. Mbelwa akaruka utadhani ameumwa na siafu, akasema amesahau kuzima jiko. Mara nyingine Stamili alisafiri majuma matatu kumuuguza mama yake. Alipoteremka kwenye basi alimwona mchumba wake amesimama pale kituoni, akatupa mizigo chini, akamkimbilia amefungua mikono yote miwili. Mbelwa akampa mkono. Alimpa mkono mbele ya watu, akautikisa vizuri kama diwani anayekaribisha wageni, akamwuliza habari za safari.

Stamili akajibu, "Nzuri." Akaokota mizigo yake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa masikio yote mawili, maana Mbelwa hakuliona hili. Kila alipojikinga yeye, kuna mtu aliyebaki amefungua mikono mitupu. Stamili hakujua habari za fulana. Aliona mwanamume mwenye kifua kipana asiyetaka kuguswa naye, akaanza kujichunguza. Alidhani ni vumbi la sufi kwenye nywele zake, akazikata. Alidhani ni ugumu wa mikono yake, akaipaka mafuta asubuhi na jioni, mpaka sufi ikawa inamnasa vidoleni. Akaanza kuoga mara tatu kwa siku. Kile kicheko kikapungua sauti, halafu kikawa cha kufunika mdomo. Siku moja alimwendea shangazi yake, Bi Sauda, aliyemlea, akamsogelea.

"Shangazi, hebu ninuse."

Bi Sauda akanusa shingo na kwapa. "Unanukia sabuni. Kulikoni?"

"Hamna kitu," akasema Stamili, akaenda kuoga tena.

Sasa, mji ule una desturi yake. Godoro la maharusi halinunuliwi. Sufi hutoka upande wa bibi harusi, magunia manne, na fundi atakayeteuliwa na bwana harusi hulishona. Siku tatu kabla ya ndoa godoro huletwa mchana kweupe, hutandikwa uani, na wanawake wa ukoo hulikalia wote pamoja kwa nyimbo na vigelegele. Likiwabeba bila kugusa chini, ndoa imepata kitanda. Safari hii fundi na bwana harusi walikuwa mtu mmoja. Stamili alichambua yale magunia manne peke yake, hakuruhusu mtu kumsaidia, na ilikuwa sufi nyeupe na laini kuliko yote aliyowahi kuitoa. Alimkabidhi Mbelwa akiwa na matumaini yake ya mwisho. Alisema moyoni, labda akiishika hii atanikumbuka mimi.

Mbelwa aliishika, na akawaza jambo jingine. Aliwaza kwamba sufi laini namna hii inafanana na nyama. Siku ya harusi watu watamkumbatia, mashemeji, wajomba, na Stamili mwenyewe. Akivaa hii hakuna atakayegundua. Na baada ya harusi je? Hilo lilimjia akalifukuza. Akapunguza gunia la kwanza kidogo. Fulana ya kwanza ikatoka na uvimbe upande mmoja, akaitupa, akaanza upya. Ya pili ililowa jasho. Ya tatu aliona haitoshi. Alijiambia atafidia kwa sufi mpya, lakini misufi huzaa mara moja kwa mwaka, msimu ulikwisha pita, na ghala la Stamili lilikuwa tupu. Aliposhona godoro la ndoa yake, magunia manne yalikuwa yamebaki mawili na robo.

Siku ya kulikalia ikafika. Ua ulijaa! Ngoma zilipigwa, wanawake wamevaa sare, harufu ya pilau imetanda mpaka mtaa wa pili, na Mbelwa amesimama pembeni na wazee, amevimba ndani ya shati jeupe, jasho linamtiririka. Bi Sauda akaita, wanawake kumi na wawili wakaketi kwa pamoja. Godoro likalala chini kama mkeka. Mmoja wao aliumia kiuno akapiga ukelele. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Bi Sauda aliinuka polepole. Akabonyeza godoro kwa kidole, kidole kikafika ardhini.

"Tulikupa magunia manne, baba. Yako wapi?"

Mbelwa akainamisha macho. Sauti ikatoka nyuma, "Kaiuza! Kauza sufi ya harusi yake!" Na nyingine, "Mwizi huyo, tangu lini fundi akanawiri hivi?" Wazee waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni. Bi Sauda akamgeukia Stamili, akamwambia aiondoe ndoa hii kichwani mwake, maana harusi haipo; hakuna binti wa ukoo huu atakayekwenda kwa mtu aliyemwibia kabla hajamchukua. Stamili hakulia. Alitikisa kichwa kukubali, kwa utulivu wa mtu aliyepata jibu alilolitarajia miezi mingi. Akaanza kutembea kuelekea ndani.

Mbelwa aliona mgongo wake. Aliona anakwenda. Mlango uliokuwa mbele yake ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa ule aliokuwa akiufunga miaka yote. Nami naielewa hofu yake, maana mlevi hukiri ulevi wake, mwizi hukiri wizi wake, lakini mwanamume kusema "mimi naona aibu na kifua changu" ni kazi nzito kuliko zote mbili. Akachomoa mkasi wa kazi kwenye kapu la vifaa lililoletwa pamoja na godoro. Akafungua shati vifungo vyote. Akaingiza mkasi kwenye shingo ya fulana, akakata mpaka kiunoni.

Sufi ikamwagika! Ilitoka kifuani, ikatoka mabegani, nyingine imeganda kwa jasho ikaanguka chini kwa uzito, nyingine kavu ikachukuliwa na upepo ikawapanda wazee kwenye kofia na wanawake kwenye vitambaa vya kichwa, ikaingia mpaka kwenye sufuria la pilau. Na katikati ya sufi hiyo alisimama mtu mwembamba, mbavu zake zote nje, ngozi imejaa vipele vyekundu. Mtu mmoja akacheka, na Bi Sauda akamtazama mtu huyo mpaka akanyamaza.

Stamili alikuwa amegeuka. Alitazama sufi aliyoichambua kwa mikono yake. Alitazama kile kifua. Akasoma kila kitu kwa mara moja: jiko lililosahaulika, mkono wa kituo cha basi, miezi saba. Akaziba mdomo, halafu akauachia, na uani kote wakamsikia.

"Kumbe si mimi!"

Alisema hivyo tu, akicheka na kulia kwa pamoja, kicheko chake cha zamani kinachofika barabarani. Akaja mbio. Mbelwa kwa mazoea alirudi nyuma hatua moja, kisha akasimama. Akasimama! Stamili akaweka viganja vyote viwili juu ya mbavu zile, penye vipele, palipolowa, akaviacha hapo. Mbelwa alifumba macho. Alingoja kicheko cha yule msichana wa zamani, na hakikuja. Ulikuja uzito wa kichwa cha mtu mzima kikijilaza juu ya mfupa wa bega lake, na mfupa ukakibeba. Bi Sauda akapiga kigelegele cha kwanza, ngoma zikarudi zote kwa fujo, na pilau likaliwa hivyohivyo.

Waliingia katika ndoa na godoro la magunia mawili na robo, na mpaka leo sijasikia kwamba mmoja wao amelilalamikia.

Basi wewe ndugu, uliyekuja hapa leo na mchumba wako pembeni, ambaye miezi yote hii umekuwa ukiuficha mwili wako asiuone wala asiuguse: umewahi kumwuliza yeye anauonaje mwili wake mwenyewe?