Mkaguzi, Gari Jeusi na Tambara Kavu

Ndugu zangu wa kundi, hii ni ndefu kidogo. Isomeni mpaka chini kabla hamjaanza kutuma vidole gumba. Nawajua. Humu mtu akitangaza mbuzi wake kapotea, watatu wanajibu "Amina".

Habari inamhusu mzee mmoja wa hapa Singida. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, ila amesema nisiongeze chumvi. Nitajitahidi.

Mzee Nkuwi alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka thelathini na moja. Walimu wakimwona anashuka kwenye gari, walifunga vifungo vya mashati haraka haraka. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo jeusi, na ukaguzi wote akauhamishia nyumbani. Vitu vyake viwili vya thamani vilikuwa hilo gari na binti yake wa pekee, Elisifa.

Singida ina upepo, na upepo wetu una vumbi. Kila asubuhi mzee alitoka na fulana yake kuukuu akalifuta gari, kuanzia boneti hadi nyuma. Maji hakutumia. Alisema maji ya kununua ni ya watu, si ya kuogesha chuma. Alifuta kwa nguvu, akizungusha mkono, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini.

Elisifa naye hakupumzika. Akisalimia wageni, baba yake alimwambia, "Sauti! Sauti iko wapi?" Akipakua chakula, "Umejaza mno." Akieleza jambo, "Anza upya, ulianza vibaya." Hakuwahi kumpiga hata kofi. Alimsomesha mpaka akawa muuguzi, na alimpenda kuliko roho yake. Ukimwambia, "Mzee, huyu mtoto unamzidishia," jibu alikuwa nalo mfukoni: "Samaki mkunje angali mbichi."

Basi Elisifa akapata mchumba. Wiki mbili kabla ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, mama yake akamfuata mzee sebuleni.

"Baba Elisifa, mtoto amenituma kwako."

"Amekutuma? Yeye hana mdomo?"

"Anao. Anaogopa utamsahihisha kabla hajamaliza."

Mzee akaweka gazeti chini. "Haya, sema wewe."

"Anaomba siku ya sendofu usiongee."

Jamani! Mnajua wenyewe mambo yetu. Watu wanakula, wanacheza, wanatunza, lakini kinachosubiriwa ni baba asimame amuage binti yake kwa maneno yake. Baba aliye hai na mzima wa afya akikaa kimya ukumbini, huyo ametangazwa mbele za watu kwamba hafai.

"Nani amemharibu mtoto wangu?" mzee aliuliza. "Ni wewe? Au hao wanakwaya wenzake?"

Mama Elisifa alirudi jikoni.

Mzee akatoka nje ili asiseme zaidi. Jua lilikuwa kali, limelala juu ya lile gari, na hapo ndipo alipoona jambo la pili la kumuumiza. Gari zima lilikuwa limejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, kuanzia boneti hadi milangoni. Karibu na kitasa cha mlango wa dereva kulikuwa na mkwaruzo mwingine, mrefu na wenye kina.

Akaenda moja kwa moja kwa jirani, akagombana naye kuhusu watoto wake wanaocheza mpira karibu na ukuta. Jirani akaapa kwamba watoto hawajagusa gari. Mzee hakusadiki. Siku moja, watu wawili wamemharibia vitu viwili. Ndivyo alivyoiona hesabu yake.

Kesho yake akalipeleka gari kwa fundi Ntandu, anayepiga rangi na kung'arisha magari kule karibu na stendi ya zamani. Alitaka limbebe binti siku ya sherehe likiwa linang'aa, na watu wajue yeye si baba wa hovyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, watoto wa jirani wameniharibia gari. Tazama."

Fundi Ntandu akalizunguka gari mara moja, polepole. Akainama, akainuka, akakuna kidevu.

"Mzee, unalisafishaje?"

"Safi kabisa! Kila asubuhi nalifuta, sijawahi kuruka siku."

"Kwa maji?"

"Kwa kitambaa."

Fundi akaingia ndani, akatoka na boneti kuukuu ambalo alikuwa amelipaka rangi nyeusi na kuling'arisha mpaka unajiona meno. Akaliweka juani. Akachota vumbi la barabarani kiganjani, akalinyunyizia, kisha akampa mzee kitambaa.

"Hebu lifute kama unavyofuta la kwako."

Mzee akakunja mikono ya shati. Akafuta kwa moyo wote, akizungusha, akikandamiza, kama mtu anayeonyesha darasa jinsi kazi inavyofanywa. Vumbi likaisha. Fundi akamwagia boneti maji, akalikausha taratibu, akamwambia, "Sasa tazama kwa upande wa jua."

Mzee akatazama. Miduara ilikuwa pale pale, myembamba, mingi, ileile ya kwenye gari lake.

Akakaa kwenye tairi bovu lililokuwa karibu.

"Watoto wakikwaruza gari, mzee, wanapiga mstari na kukimbia," fundi alisema. "Hawakai kuchora vimduara elfu moja kwa mpangilio. Hii ni kazi ya mtu anayelipenda gari. Vumbi lenyewe halina neno. Lingekaa hapo wiki nzima lisingekwaruza kitu. Linakwaruza pale mkono unapolisukuma likiwa kavu. Ungetanguliza maji, yakalibeba, kisha ukapitisha kitambaa laini, gari lingekuwa jipya mpaka leo."

"Na huu mrefu?" mzee aliuliza, akionyesha pale kitasani.

"Funguo zako. Unafungua mlango na fungu zima linaning'inia."

Mzee akazitazama funguo mkononi mwake.

"Na mikwaruzo hii inatoka?"

"Hii myembamba itatoka. Lakini nikueleze ukweli, maana wengine hawakuelezi. Juu ya rangi kuna tabaka moja jembamba, liko kama kioo. Mimi nikipiga mashine siujazi mkwaruzo, nalipunguza hilo tabaka mpaka lilingane na mkwaruzo. Kila ukija nitapunguza. Ukija mara nyingi, siku moja hakutabaki cha kupunguza. Huu mrefu ndio kabisa, pitisha ukucha." Mzee akapitisha, ukucha ukanasa. "Umeona? Nikiung'ang'ania nitatoboa mpaka kwenye bati. Huu tuuache."

Mzee akabaki ameuinamia ule mkwaruzo. Fundi akadhani amekasirika.

"Mzee, nimekuudhi?"

"Hapana, fundi," alisema. "Nina binti."

Fundi Ntandu akamtazama, akaona macho yameloa. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi ni fundi wa rangi tu, mzee wangu. Hayo ya mabinti yananishinda. Wa kwangu ananipangia hadi shati la kuvaa."

Mzee akaliacha gari pale akarudi nyumbani kwa miguu. Alipita kwanza kwa jirani akaomba radhi, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua kabla hajamaliza kulisema. Kisha akamkuta Elisifa barazani anakata utepe wa kupambia ukumbi. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mwanangu, nimekuja kuuliza. Sikuja kujibu."

Elisifa akaendelea kukata utepe. "Unataka kuuliza nini, baba?"

"Nimekuumiza wapi?"

Mwanzoni binti alisema hakuna. Mzee akakaa. Dakika zikapita, na mzee anasema zile dakika zilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote aliowahi kuusimamia. Ndipo Elisifa akaanza.

Alisema ya wageni, ya chakula, ya kuambiwa aanze upya. Alisema kwamba hospitali wenzake wanamsifu kwa kuongea vizuri na wagonjwa, lakini akifika mlango wa nyumbani kwao ulimi unamkauka. Alisema, "Hata nilipokuwa wa pili darasani, kidato cha tatu, uliniuliza wa kwanza ni nani."

Ilikuwa kidato cha pili. Mzee alikumbuka vizuri kabisa, mwaka na muhula. Neno lilimfika kwenye meno. Akalimeza, na ameniambia liliteremka kama mfupa.

"Endelea, mwanangu."

"Na mahafali."

Hapo mkasi ukasimama. Wengi wenu mlikuwepo kwenye mahafali yake, mtakumbuka. Binti alisoma hotuba ya shukrani aliyoiandika kwa siku tatu. Alipomaliza, baba yake akainuka, akachukua kipaza sauti, akaeleza makosa manne aliyoyasikia. Watu tulicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Yule mtoto alikaa na karatasi yake mkononi mpaka sherehe ikaisha.

"Elisifa, nilikosa," mzee alisema. "Nisamehe."

Binti akalia. Akalia sana, na mzee hakumwambia anyamaze. Alipotulia akasema, "Hayo mengine, baba, nimekusamehe. La mahafali bado. Nikikwambia kwamba limeisha, nitakuwa nakudanganya tu."

Mzee alitamani kumwomba tena. Alitamani kumkumbusha maandiko, kumweleza kwamba nia yake ilikuwa njema. Akajizuia.

"Sawa, mwanangu. Na sendofu sitaongea. Ni siku yako."

Akachukua mkasi mwingine, wakakata utepe pamoja. Mama Elisifa alichungulia dirishani, akashindwa kuelewa anachokiona, akarudi jikoni kuongeza maji kwenye mchele.

Ikafika Jumamosi. Mimi nilikuwa kamati ya chakula, kwa hiyo haya ya ukumbini nimeyaona kwa macho yangu. Ilipofika zamu ya nasaha za wazazi, mshereheshaji akampa kipaza sauti mama, kama alivyoelekezwa. Mama akaongea vizuri, akamaliza. Mzee alikuwa ameinamisha uso, mikono iko magotini. Ukumbi ulishaanza kunong'ona.

Mara Elisifa akamwita mshereheshaji kwa kidole, akamnong'oneza. Mshereheshaji akageuka akasema, "Bibi harusi mtarajiwa anasema baba yake bado hajaongea. Anaomba aongee."

Nawaambia ukweli, sisi wa chakula tulitazamana. Tulijua pilau litapoa. Mzee Nkuwi na kipaza sauti ni saa nzima, tena ukiwa na bahati.

Mzee akainuka. Hakuwa na karatasi. Alikishika kile kipaza sauti kama mtu asiyewahi kukiona, akamtazama binti yake, akasema:

"Mimi ni baba yake Elisifa. Kwa miaka yote nimemkagua huyu mtoto. Leo nataka mjue kwamba alikuwa sawa tangu mwanzo, na aliyekuwa anakosea ni mkaguzi. Mwanangu, nenda kwa amani. Sina cha kusahihisha."

Akakaa. Hata dakika haikutimia. Hakuna aliyekumbuka kupiga makofi. Elisifa akainuka kwenye kiti chake cha mapambo bila kungoja utaratibu wa mtu yeyote, akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake, akamlalia mapajani na shela lake lote. Mzee akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Juzi nilimuuliza, "Mzee, na lile la mahafali, amekusamehe?"

Akaniambia, "Sijui. Sijamuuliza tena. Jumapili hunipigia simu, tunaongea."

Funzo: Kosa la mtoto ni vumbi tu, na ukikimbilia kulifuta likiwa kavu, alama itakayobaki ni ya mkono wako. Tanguliza kumsikiliza, ndipo umrekebishe kwa upole, na pale ulipokwisha kumuumiza sana, omba radhi kisha umwachie muda wake.