Chakula Anachokipenda Mama

Sogeeni mkekani, hadithi imefika.

Mwanashuru, mjane, aliwalea binti zake watatu kwa kuuza kuni. Siku moja zimwi likamkamata msituni. Mabinti wakamfuata wakilia.

“Nitamwachia mkinijibu kweli,” likasema zimwi. “Mama yenu anapenda chakula gani?”

“Ukoko,” akasema wa kwanza. “Ndio anaokula.”

“Uongo!”

“Uji mwepesi,” akasema wa pili.

“Uongo!”

Kitinda mimba akapiga magoti. “Hatujui. Yeye hula tunachobakisha, nasi hatubakishi kitu.”

Zimwi likamwachia, likayeyuka kama moshi.

Njiani wakamwuliza mama. Alifikiri sana, maana hakuwahi kuulizwa.

“Samaki wa nazi,” akasema kwa haya.

Kesho yake wakakata kuni wenyewe, wakauza, wakampikia. Hapo ndipo nilipowaacha: mama anakula, wao wanasubiri.